Reli au Basi? Namna Fedha za Umma Zinavyolipia Safari ya Mkazi wa Same

Na Mwandishi Wetu, Same

Tangu treni ya abiria iliporejea katika reli ya Kaskazini mwezi Desemba 2019, swali moja limekuwa likijirudia katika stendi ya Same, katika magulio ya tambarare na katika vikao vya vijiji vya milimani: fedha za Serikali zielekezwe zaidi kwenye reli ili treni ipite kila siku, au zielekezwe kwenye barabara ili mabasi yafike kila kata?

Swali hilo ni la msingi kwa kuwa linahusu maisha ya mamia ya maelfu ya watu. Wilaya ya Same ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 5,000 na, kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, wakazi takribani 300,000. Wapo wanaosafiri kwenda Moshi kufuata matibabu na masomo, wapo wanaopeleka tangawizi, mpunga na mboga sokoni, na wapo wanaokwenda Dar es Salaam na Tanga kutafuta riziki. Kila mmoja huilipia safari hiyo mara mbili: kwanza kwa nauli, na pili kwa kodi na tozo.

Makala haya yanaeleza fedha hizo zinatoka wapi, zinapita katika taasisi zipi, hoja za kila upande zina uzito gani, na mwananchi anaweza kupeleka wapi maoni yake.

Reli iliyokuwepo kabla ya lami

Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893 wakati wa utawala wa Wajerumani. Reli hiyo ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909 na Moshi mwaka 1911. Ili kufika Moshi ilifuata bonde la mto Pangani na kupita upande wa magharibi wa Milima ya Upare, kupitia Hedaru, Makanya, Same, Lembeni na Kisangiro. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikafikishwa Arusha. Mwaka 1963 njia ya kuunganisha reli hiyo na Reli ya Kati kupitia Ruvu ilikamilika, na tangu hapo abiria wa Same aliweza kufika Dar es Salaam kwa treni.

Kwa miongo mingi reli ilikuwa mhimili wa uchumi wa tambarare. Mashamba ya mkonge yalikuwa kandokando yake, na miji midogo ilikua kuzunguka vituo vyake. Barabara kuu ya lami ilipoimarika, mabasi na malori yalichukua abiria na mizigo. Treni ya abiria ilisimama katika miaka ya 1990, nyasi zikaota katikati ya mataruma, na baadhi ya maeneo ya hifadhi ya reli yakavamiwa kwa makazi na biashara.

Sheria ya Reli ya mwaka 2017 iliunganisha iliyokuwa Kampuni ya Reli Tanzania na iliyokuwa kampuni hodhi ya rasilimali za reli, na kuunda upya Shirika la Reli Tanzania (TRC). Shirika hilo ndilo lililofanya ukarabati wa njia ya Kaskazini. Treni ya mizigo ilirejea mwezi Julai 2019, treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ikafuata mwezi Desemba mwaka huohuo, na mwezi Oktoba 2020 huduma ikafika Arusha.

Nani analipia nini

Mjadala wa reli na basi mara nyingi huanza kwa dhana kwamba basi hujilipia lenyewe na treni hubebwa na Serikali. Dhana hiyo haielezi hali yote.

Ni kweli kwamba mabasi ya abiria yanamilikiwa na watu na kampuni binafsi. Mmiliki hununua gari, hulipa dereva, mafuta na matengenezo, na hurejesha gharama zake kupitia nauli. Serikali haitoi ruzuku kwa tiketi ya basi la Same kwenda Moshi. Hata hivyo, basi hilo linapita katika barabara iliyojengwa na kutunzwa kwa fedha za umma. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS). Barabara za wilaya, zikiwemo nyingi zinazopanda milimani, husimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017. Matengenezo hugharamiwa kupitia Mfuko wa Barabara, ambao chanzo chake kikubwa ni tozo iliyomo katika bei ya kila lita ya petroli na dizeli. Mwaka 2021 iliongezwa tozo ya Sh 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini.

Kwa reli, utaratibu ni tofauti. TRC inamiliki njia, vituo, vichwa vya treni na mabehewa, na yenyewe ndiyo inayoendesha huduma. Tuta likikatika, daraja likibomoka au behewa likichakaa, gharama yote iko katika vitabu vya taasisi moja ya umma. Kwa ajili ya uwekezaji mkubwa, mwaka 2015 Serikali ilianzisha tozo ya maendeleo ya reli, kwa kiwango cha asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini, ikiwa na misamaha kwa baadhi ya bidhaa.

Kwa hiyo vyombo vyote viwili hutumia fedha za umma. Tofauti ni kwamba gharama ya basi imegawanyika kati ya mmiliki, abiria na Mfuko wa Barabara, hivyo haionekani kwa urahisi, wakati gharama ya treni imekusanyika mahali pamoja na huonekana kubwa. Anayetaka kulinganisha kwa haki hana budi kuweka mezani gharama ya lami pamoja na gharama ya reli.

Hoja za wanaotaka treni

Hoja ya kwanza ni nauli. Nauli ya basi hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019. Katika mabadiliko yaliyoanza kutumika mwezi Desemba 2023, kikomo cha nauli ya basi la masafa marefu la daraja la kawaida kiliwekwa kuwa Sh 48.47 kwa abiria kwa kila kilomita, na daraja la kati Sh 67.84. Kutoka Same hadi Moshi ni takribani kilomita 105. Kwa viwango hivyo, abiria wa daraja la kawaida hulipa takribani Sh 5,100 na wa daraja la kati takribani Sh 7,100 kwa safari ya upande mmoja. Kwa mgonjwa anayehudhuria kliniki kila wiki pamoja na msindikizaji, kiasi hicho ni kikubwa. Daraja la tatu la treni hulengwa kwa abiria wa kipato cha chini, na ndiyo sababu wengi huitazama reli kama nafuu ya maisha.

Hoja ya pili ni usalama. Barabara kuu inayopita Same hubeba mabasi ya mikoa ya Kaskazini, malori na magari madogo usiku na mchana, hasa baada ya mabasi kuruhusiwa kusafiri saa 24 kuanzia tarehe 1 Oktoba 2023. Tarehe 28 Juni 2025, katika eneo la Sabasaba wilayani Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto, na watu wasiopungua 38 walipoteza maisha. Msiba huo uliwagusa wananchi wa wilaya nzima, na baada yake hoja ya kupunguza wingi wa magari barabarani imepata uzito mpya.

Hoja ya tatu ni mizigo. Malori yenye mzigo mzito ndiyo yanayochosha barabara kuliko magari mengine, na ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima pamoja na mzigo wake. Chukua mfano wa treni ya mabehewa 20, kila moja likibeba tani 40. Treni hiyo ina tani 800. Kwa lori linalobeba tani 30, mzigo huohuo unahitaji malori 27. Kila treni ya namna hiyo inayopita Same ni malori 27 ambayo hayakukutana na basi la abiria katika kona za Hedaru au Makanya.

Hoja za wanaotaka barabara

Upande wa pili nao una hoja nzito, na ya kwanza ni jiografia. Reli inapita upande mmoja tu wa milima. Mkazi wa Kisiwani, Gonja, Maore, Ndungu au Kihurio, upande wa mashariki, hana reli, na hata ikiimarishwa kwa kiwango gani haitafika kwake. Tegemeo lake ni barabara ya Same–Kisiwani–Mkomazi, inayopita kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ambayo ujenzi wake kwa kiwango cha lami umekuwa ukitekelezwa kwa awamu. Eneo hilo ndilo lenye skimu ya umwagiliaji ya Ndungu, na mpunga wake hausubiri.

Mkazi wa milimani ana umbali wa ziada. Kutoka Chome, Mbaga, Mamba, Vudee au Bombo, safari yoyote ya treni huanza kwa pikipiki, Noah au gari la mizigo linaloshuka katika barabara nyembamba zenye kona kali. Wakati wa masika barabara hizo huteleza, na udongo huporomoka. Mwaka 2009 maporomoko ya udongo katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, yaliua zaidi ya watu 20. Mkulima wa tangawizi ambaye mzigo wake umekwama mlimani hapati faida yoyote kwa kuambiwa kwamba treni iko kituoni.

Hoja ya pili ni ratiba. Basi huondoka kila baada ya muda mfupi na humshusha abiria anapotaka. Treni ya Kaskazini hupita siku chache kwa wiki, na kwa kuwa imepangwa kwa ajili ya abiria wa masafa marefu, husafiri usiku kucha kati ya Dar es Salaam na Kaskazini. Ratiba ya namna hiyo humfaa mwenye safari ya mbali, lakini haimfai mwanafunzi wa chuo anayetakiwa kuwa Moshi saa mbili asubuhi na kurudi nyumbani jioni.

Hoja ya tatu ni udhaifu wa njia yenyewe. Reli ya zamani ina upana wa mita moja na njia moja tu, hivyo treni zinazokutana hulazimika kupishana kwenye vituo. Kwa kuwa inapita chini ya safu ya milima, maji ya mvua yanayoshuka kwenye makorongo hukata tuta na kuathiri makalvati. Huduma imewahi kusimamishwa katika vipindi vya mvua kubwa. Basi hupata njia nyingine au husubiri saa chache, lakini treni husubiri hadi mafundi wamalize kazi.

Funzo kutoka Dar es Salaam

Tanzania ina uzoefu wa treni ya wasafiri wa kila siku. Mwezi Oktoba 2012 treni ya abiria wa mjini ilianza Dar es Salaam, upande mmoja kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, na upande mwingine katika reli ya TAZARA hadi Mwakanga. Wananchi waliipa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe. Ilitumia njia iliyokuwepo, ikiendeshwa asubuhi na jioni, na baadaye huduma ikaelekezwa pia Pugu.

Miaka minne baadaye, mwezi Mei 2016, Mabasi Yaendayo Haraka yalianza kati ya Kimara na katikati ya jiji, katika njia ya awamu ya kwanza yenye urefu wa kilomita 20.9. Hapo Serikali ilijenga njia maalum na vituo kwa mkopo, na mwendeshaji akaleta mabasi. Njia ilikuwa nzuri, lakini uchache wa mabasi ukazaa misongamano vituoni. Katika mifumo yote miwili funzo ni lilelile: njia pekee haitoshi. Abiria anahitaji chombo cha kutosha, kwa saa anayoihitaji, siku zote.

Funzo la pili ni la idadi. Dar es Salaam ilikuwa na wakazi zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya mwaka 2022, wakiwa wamebanana katika eneo dogo. Same ina chini ya watu 60 kwa kila kilomita ya mraba, na wengi wao wako milimani. Treni yenye mabehewa manane ya viti 80 hubeba abiria 640 waliokaa, ambao ni sawa na zaidi ya mabasi makubwa kumi. Ili ijaze viti hivyo kila asubuhi kati ya Same na Moshi, lazima wapatikane watu 640 wanaokwenda upande mmoja, saa moja, kutoka vijiji vilivyo karibu na reli. Wasipopatikana, viti vitupu navyo hulipiwa na umma.

Mzigo ndio unaoibeba abiria

Kutokana na hesabu hizo, upo ukweli ambao mara nyingi haupewi nafasi katika mjadala. Katika reli ya aina hii, nauli ya abiria peke yake haiwezi kutunza tuta, madaraja na mataruma ya mamia ya kilomita. Mizigo ndiyo yenye uwezo huo. Njia inayopitisha saruji, mbolea, ngano na mafuta mara kwa mara hukaguliwa na kukarabatiwa mara kwa mara, na treni ya abiria hunufaika kwa kupita katika njia iliyo salama. Njia isiyo na mzigo huchakaa, na abiria huwa wa kwanza kukosa huduma. Hilo ndilo lililotokea katika miaka ya 1990.

Same ina mchango wake hapo. Makanya kuna machimbo ya madini ya jasi, malighafi inayotumika katika viwanda vya saruji, na machimbo hayo yako karibu na reli. Kila tani ya jasi inayopanda behewa badala ya lori huongeza uhai wa reli na hupunguza uzito barabarani. Kwa maneno mengine, anayetaka treni ya abiria ya uhakika Same anapaswa kuanza kwa kuuliza kuhusu treni ya mizigo ya Makanya.

Vilevile, Serikali imeainisha ujenzi wa reli ya kisasa ya Tanga–Arusha–Musoma, yenye urefu wa takribani kilomita 1,028, katika mipango yake ya muda mrefu. Reli ya kisasa ina upana wa milimita 1,435. Ile ya Dar es Salaam hadi Dodoma hutumia umeme, na ilizinduliwa rasmi na Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan tarehe 1 Agosti 2024. Mafanikio yake yameongeza matarajio ya wananchi wa Kaskazini. Hata hivyo, mradi wa ukubwa huo huchukua miaka mingi, na haupaswi kuwa sababu ya kuahirisha matengenezo ya kalvati la leo.

Si chombo kimoja dhidi ya kingine

Ukizichambua hoja za pande zote, inaonekana kwamba wanaobishana mara nyingi hawazungumzii safari moja. Anayetetea treni huwa na safari ya mbali au mzigo mzito. Anayetetea basi huwa na safari ya kila siku au nyumba iliyo mbali na reli. Mkazi wa Chome anahitaji kwanza barabara ya TARURA isiyokatika, kisha basi lenye ratiba hadi Same, kisha uhuru wa kuchagua basi au treni. Kiungo cha kwanza kikikosekana, viungo vingine viwili havimsaidii.

Yapo pia mambo yanayoweza kufanyika bila mabilioni: magari ya milimani kupangiwa saa zinazolingana na treni, taa na mahali pa kujikinga na mvua vituoni, na taarifa za mapema pale ratiba inapobadilika.

Mwananchi apeleke wapi hoja yake

Upare una historia ya kuhoji namna fedha za umma zinavyokusanywa. Januari 1945 maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani na kukusanyika Same kupinga kodi ya mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walipinga namna ilivyokadiriwa, na hatimaye iliondolewa. Vilevile msaragambo umejenga shule na kufungua barabara nyingi za milimani kwa nguvu za wananchi wenyewe. Leo zipo njia za kisheria za kuendeleza ushiriki huo.

Kwa barabara za vijiji na kata, hoja huanzia Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata na Baraza la Madiwani, ambalo huwasilisha vipaumbele kwa TARURA. Hoja hizo zinapaswa kufika mapema, kabla Bunge halijaanza kujadili bajeti mwezi Aprili, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai.

Kwa nauli za mabasi, LATRA hukusanya maoni ya wadau kabla ya kupanga viwango vipya. Baraza la Ushauri la Watumiaji Huduma za Usafiri Ardhini (LATRA CCC) lipo kwa ajili ya kumsemea abiria. Abiria anayetozwa zaidi ya kikomo au anayeona dereva akihatarisha maisha anapaswa kutoa taarifa LATRA au kwa Kikosi cha Usalama Barabarani, akitaja namba ya gari, mahali na saa.

Kwa ratiba na vituo vya treni, maoni hupelekwa TRC, kuanzia kwa msimamizi wa kituo. Ombi lenye takwimu, kwa mfano idadi ya abiria wanaoshuka kituoni siku ya gulio au tani za mzigo zinazosubiri usafiri, hupimika kwa urahisi kuliko ombi la jumla.

Wananchi wanakumbushwa pia kutolima wala kujenga katika hifadhi ya reli na barabara, na kutunza misitu ya milimani. Maji yasiyozuiwa huko juu ndiyo yanayobomoa tuta na kalvati huku chini, na gharama ya kuyajenga upya hutoka katika mfuko uleule ambao ungeweza kuongeza behewa au kutengeneza barabara nyingine.